Shajara ya mradi: kaseti 64 za Dodoma, kutoka kwenye utepe hadi memori kadi

Mradi wenyewe: kuna kaseti 64 za ngoma na kwaya zilizokusanywa Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Kondoa. Nyingi ni nakala pekee. Zinahamishwa ziwe mafaili, kisha nakala zinarudi kwa wenyewe kwa namna wanayoweza kuisikiliza nyumbani. Tulizitafuta Spotify na Boomplay kwa jina la kwaya, kwa jina la wimbo na kwa jina la kijiji. Hakuna hata moja. Kazi inafanyika kwenye chumba kimoja Area C, kuanzia Januari. Shajara hii ni ya atakayetaka kuirudia Singida au Iringa bila kurudia makosa yetu.

Wiki ya 1. Kupokea

Kila kaseti imepewa namba, K-01 hadi K-64, kwa penseli kwenye karatasi ya kasha. Stika hazitumiki. Gundi yake ikipata joto huchuruzika na kuingia kwenye matundu ya kaseti.

Cha kwanza, kabla hata ya kuonja sauti: vunja vile vipembe viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Vikishatoka, deki haiwezi kurekodi juu yake hata mtu akikosea kibonye. Inachukua sekunde tano, na ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote kwenye mradi huu.

Pili, picha: kasha, kadi ya ndani pande zote, kaseti pande zote. Kadi zimetushughulisha kuliko tulivyopanga. Ya K-12 imeandikwa kwa kalamu ya wino mwanzo mwisho: waimbaji 23 kwa majina, nani mwalimu, nani alipiga zeze, nani alishika redio ya kurekodia, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, UKIAZIMA RUDISHA. Huduma ya striming ina nafasi ya jina la msanii, la wimbo na la albamu, na ukibahatika mtunzi. Aliyeshika redio hana pa kuandikwa.

Tatu, ukaguzi kwa macho na pua. Ukungu mweupe kwenye kingo za utepe ulioviringika, harufu ya uvundo, kipande cha feliti kinachosukuma utepe kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma sauti (kimo au kimedondoka?), na kile kipande cheupe cha mwanzo, kama bado kimeshika. Nyingi zilikaa kwenye nyumba za tembe, na paa la udongo likipitisha maji hakuna kinachobaki kikavu. K-41 ina ukungu. Imewekwa kwenye mfuko wa karatasi, mbali na nyingine. Usitumie mfuko wa nailoni, unafungia unyevu ndani.

Urefu: C60, yaani ya dakika 60, ina utepe wa mita 90 hivi, C90 mita 135, C120 mita 180, na zote zinaingia kwenye kasha lenye ukubwa uleule. Maana yake utepe wa C120 ni mwembamba mno, mikroni 9 hivi, nusu ya ule wa C60. Tunazo tatu. Hazirudishwi nyuma kwa mota. Zinazungushwa kwa mkono na kalamu ya Bic, ambayo pembe zake sita hushika vizuri meno ya kaseti.

Wiki ya 2. Deki

Deki mbili za mtumba, zote zinawaka, hakuna inayozunguka. Hilo lilitarajiwa. Mpira wa belti ukikaa miaka mingi huyeyuka ukawa kama lami, na lami hiyo hugandia kwenye puli. Usafishaji: pamba, kijiti cha meno, na spiriti ya aisopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, ina maji, na aina nyingine zina mafuta yanayobaki kwenye hedi. Saa mbili kwa deki moja, na vidole vyeusi siku tatu.

Kupata kipimo cha belti mpya: pitisha uzi kwenye njia yote ya belti, pima, kisha punguza asilimia 5 hadi 7. Ikibana kuliko hapo mota inachoka na bushi zinalika; ikilegea, sauti inayumba. Fundi mmoja alipendekeza kukata tyubu ya baiskeli. Tulijaribu ili tuone. Deki ilizunguka, lakini unene wa tyubu haulingani, kila mzunguko sauti ilitikisika, na kwenye noti ndefu ya zeze ilikuwa kama mtu anaimba huku amepanda bajaji kwenye makorongo. Kwa redio ya kusikilizia mpira wa miguu inatosha. Kwa kuhamisha kaseti, agiza belti halisi.

Rola ya mpira inayobana utepe ilikuwa imekakamaa na kung'aa. Kitambaa chenye maji na tone la sabuni kilitosha kwa deki ya kwanza. Ya pili ilibadilishwa rola nzima, kwa sababu ilikuwa inakula kanda: utepe unapanda pembeni, unajiviringa kwenye kapstani, kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe, na ukifungua mlango unakuta tambi.

Wiki ya 3. Kasi na mlalo wa hedi

Hii ndiyo wiki iliyoamua ubora wa kila kitu, na ndiyo wiki ambayo watu wengi huiruka.

Kaseti inatakiwa kutembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Tuna kaseti ya majaribio yenye sauti moja ya Hz 3,150. Deki ya kwanza ilisoma 3,155, tukaiacha. Ya pili ilisoma 3,231, yaani inakimbia kwa asilimia 2.6, karibu nusu ya hatua kati ya kibonye kimoja cha kinanda na kinachofuata. Mgongoni mwa mota kuna tundu dogo. Ingiza bisibisi bapa nyembamba, geuza kidogo sana, subiri dakika moja, pima tena. Deki iwe imezunguka dakika 20 kwanza, maana mota ya baridi inadanganya.

Deki ikiwa sawa bado haimaanishi kaseti iko sawa. Redio kaseti zilizorekodi ngoma hizi vijijini zilitumia betri. Betri zikichoka mota hupunguza mwendo, na utepe uliorekodiwa polepole, ukipigwa kwenye deki yenye kasi sahihi, sauti hupanda. Ukisikia kwaya inayozidi kuwa nyembamba kadiri upande A unavyokwisha, hao si waimbaji waliopandisha, ni betri. K-08 ilitupa kipimo kizuri: ulimi mmoja wa ilimba, ala ya Kigogo ya ndimi zinazodonolewa kwa vidole gumba, ulisoma Hz 196 mwanzoni na Hz 203 dakika ya 28. Ndimi za ilimba ni chuma, hazipandi kwa asilimia 3.6 katikati ya ngoma. Tulichukua mwanzo kuwa ndio ukweli, kwa kuwa betri zilikuwa mpya, tukaurudisha mwisho taratibu kwa ile chaneli ya muda ya Audacity, ambayo hubadili mwendo na sauti kwa pamoja kama utepe wenyewe unavyofanya. Kifaa cha kubadili tempo peke yake hakifai hapa.

Kaseti zilizorekodiwa kwenye umeme zina msaada mwingine: mvumo. Umeme wetu ni Hz 50, na redio nyingi ziliuvuta ndani ya rekodi. Ukiuona mvumo huo kwenye grafu ya masafa umesimama Hz 51.2, rekodi inakimbia kwa asilimia 2.4. Umeme wenyewe hauko kwenye 50 kamili kila dakika, kwa hiyo usidai usahihi kuliko asilimia 1.

Onyo kwa wenye kinanda. Usiipime ngoma ya Kigogo kwa kinanda ukasema iko nje. Sauti zake zinafuata harmoniki za asili, zile sauti za juu zinazolia ndani ya noti moja, na harmoniki ya 7 iko chini ya noti ya kinanda iliyo jirani yake kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ndiyo ladha ambayo Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma, aliipeleka kwenye majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003. Programu ya kunyoosha sauti kiotomatiki itaifuta yote kwa kibonye kimoja na kukuambia imesaidia. Kwa kwaya za kanisani zenye kinanda cha umeme, sawa, linganisha na Hz 440, noti ya A ya kinanda.

Sasa mlalo wa hedi. Mwanya wa hedi unatakiwa kusimama nyuzi 90 kamili dhidi ya utepe. Hedi ya redio iliyorekodi ikiwa imelala kidogo, rekodi nayo imelala, na deki iliyonyooka kabisa itaisoma ikiwa imefifia, kama inasikika nyuma ya blanketi. Dawa si kuongeza trebo. Dawa ni kuilaza hedi yako kama ile ilivyolala. Pembeni mwa hedi kuna skrubu yenye springi chini yake. Changanya chaneli mbili ziwe moja, vaa hedifoni, sikiliza ule mchuruziko wa utepe au kayamba, geuza skrubu kwa moja ya nane ya mzunguko mpaka mchuruziko uwe mkali kuliko popote. Fanya hivyo kwa kila kaseti, na kwa kila upande. Kabla ya kuanza, paka alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu ili ujue pa kurudi. Na bisibisi isiwe na sumaku.

K-08 kabla na baada: kabla, sauti ya mama aliyesema "Mbukwenyi" mwanzoni ilikuwa mvumo tu. Baada, inasikika alivyovuta pumzi kabla ya kusalimia.

Wiki ya 4 hadi 6. Kurekodi

Mpangilio: deki, waya wa RCA, kadi ya sauti ya USB, laptopu. Biti 24, kHz 96. Kwa utepe ambao haufiki mbali zaidi ya kHz 15, kHz 48 ingetosha. Tulichagua 96 kwa sababu diski ni rahisi kununua kuliko kupata kaseti hizi mara ya pili. Hesabu yake ni MB 34.6 kwa dakika, GB 2.1 kwa C60. Kelele haikupunguzwa, wala Dolby, mfumo wa deki wa kupunguza mchuruziko, haikuwashwa. Rekodi za redio kaseti hazikuwa na Dolby, na ukiiwasha unakata makali tu. Kilele cha sauti kisivuke -6 dB.

Muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, imetutoa jasho. Redio kaseti nyingi zilijipangia kiwango cha sauti zenyewe. Kila pigo la ngoma likilia, redio inashusha kila kitu, kisha inapandisha taratibu, sauti za akina mama zinazama na kuibuka. Hilo limeshachomwa ndani ya utepe. Tulijaribu kulirekebisha kwenye nakala mbili, zikasikika vibaya zaidi. Tumeliacha.

Umeme ukikatika deki husimama rola ikiwa bado imebana utepe, na alama ya kubonyea inabaki. Toa kaseti mara moja, usisubiri urudi. Inveta za bei nafuu zilituletea mzizimo kwenye kila rekodi, kwa hiyo umeme ukiondoka kazi inasimama. Laptopu inatumia betri yake wakati wote wa kurekodi; ikichomekwa chaja, mvumo mwingine wa Hz 50 unaingia kupitia waya wa arthi, na utautafuta hadi usiku.

Zilizogoma:

K-17, kasha limegundishwa, halina skrubu. Lilipasuliwa kwenye mshono kwa wembe, utepe ukahamia kwenye kasha la skrubu tano lililotolewa kwenye kaseti tupu. Kumbuka kupanga rola mbili za pembeni na karatasi laini za kutelezea kama zilivyokuwa. Piga picha kabla ya kugusa.

K-29, kipande cha mwanzo kimeng'oka. Kiliungwa kwa gundi ya kuungia utepe, upana wa milimita 3.8. Mtu wa kwanza aliwahi kuiunga kwa selotepu. Gundi ilikuwa imehamia kwenye mizunguko mitatu ya jirani. Selotepu kwenye kaseti ni kosa ambalo atalilipa mwingine.

K-33 inalia kama panya. Utepe umekauka ulainisho wake. Kasha jipya lenye karatasi mpya za kutelezea lilipunguza kilio kiasi cha kurekodi upande A wote. Kuna ushauri unaozunguka wa kuoka kanda. Ule ni wa mikanda mikubwa ya studio yenye tatizo la kunata, kwa nyuzi joto 50 hivi, kwa saa kadhaa, kwenye kifaa kinachodhibiti joto. Kuanika kaseti juu ya bati ni kuiharibu.

Kwa wastani kaseti moja ya saa moja imekula saa mbili na nusu.

Wiki ya 7. CD na santuri

Pamoja na kaseti zilikuja CD tisa za kuchoma na santuri tatu.

Watu hulinda upande wa chini wa CD, ule unaong'aa. Upande wa hatari ni wa juu. Kwenye CD ya kuchoma, tabaka la data liko chini tu ya rangi ya juu. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa kwa dawa ya meno na ukasomeka, mkwaruzo wa juu umeondoka na muziki. Mbili kati ya tisa ziliandikwa kwa kalamu ya wino wa kawaida, na zinagoma kusoma palepale penye mwandiko.

Santuri ni za dakika chache, mizunguko 45 kwa dakika, zilichapwa Nairobi. Tulipewa pleya ya kuazima iliyotoka Marekani. Mota yake inafuata umeme wa Hz 60, kwa hiyo hapa inazunguka kwa tano ya sita ya mwendo. Unaweza kurekodi hivyo na kuongeza mwendo kwenye kompyuta kwa asilimia 20, lakini tuliazima nyingine.

Mwaka 2022 Marekani iliuza santuri nyingi kuliko CD kwa idadi, mara ya kwanza tangu 1987. Habari njema kwao. Huku sindano ya santuri ni ya kuagiza, na hakuna kiwanda cha kuchapa santuri ambacho kwaya ya Bahi ingekipelekea kazi.

Wiki ya 8. Kwa nini tusipandishe tu mtandaoni

Swali linaulizwa kila tunaporudisha kaseti, mara nyingi na vijana: "Mzee, si muweke tu Boomplay?"

Kwanza, haki. Mtunzi ni mmoja, waimbaji 23, aliyerekodi ni mwingine, na utepe unamilikiwa na wa nne. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawatambua watatu wa kwanza kwa haki tofauti. Hatupandishi kitu bila maandishi ya kwaya yenyewe, na wanaotaka tunawaelekeza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wakasajili kwanza.

Pili, malipo. Tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12. Wimbo wa Kigogo wa dakika tisa unaopendwa na vijiji vinne unaweza kuishi miaka mingi bila kufika hapo.

Tatu, bando. Kusikiliza kwa kiwango cha juu, kilobiti 320 kwa sekunde, ni MB 144 kwa saa. Memori kadi ukishaijaza haiombi bando.

Kwaya mbili zimesema tupandishe, na zimesaini. Nyingine zimesema tuzirudishie kwanza wao wasikie. Striming haijawakataa hawa na wao hawaikatai; ila kaseti ikifa leo, mtandaoni hakuna cha kupandisha kesho.

Wiki ya 9 na 10. Memori kadi

Umbo halisi la muziki wa kushikika hapa Dodoma kwa sasa si CD. Ni flashi kwenye bajaji, kwenye sabufa ya saluni, na memori kadi kwenye redio ndogo ya mchungaji wa ng'ombe. Nakala za kurudisha zimetengenezwa kwa ajili ya vifaa hivyo, siyo kwa ajili yetu.

MP3 ya kilobiti 192, kHz 44.1. Saa moja ni MB 86, kwa hiyo mradi mzima, saa 64 hivi, unaingia kwenye kadi ya GB 8 na nafasi inabaki. FLAC, faili lisilopunguza ubora, haisomwi na redio hizi. Kadi ifomatiwe FAT32. Ya GB 64 hutoka dukani ikiwa exFAT na redio nyingi zinaikataa kimyakimya, zinasema tu hakuna kadi.

Kadi feki ni nyingi. Inaandikwa GB 64, ndani ni 8, na ukizidisha inaandika juu ya nyimbo za mwanzo bila kulalamika. Kila kadi inajazwa na kusomwa yote kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kuwekewa chochote. Kati ya 20 za kwanza tulirudisha dukani sita.

Mpangilio wa nyimbo: redio isiyo na kioo haifuati alfabeti, inafuata mpangilio wa kunakili. Ukiburuta folda zote kwa pamoja, upande B unatangulia upande A. Nakili faili moja moja kwa zamu, au tumia programu ya kupanga FAT baada ya kunakili. Majina ya mafaili yawe mafupi, bila ng yenye kistari cha juu. Kile kialama, kikiandikwa kwa umbo la kujipinda, kimefanya redio mbili ziruke faili zima. Chang'ombe imeandikwa CHANGOMBE, samahani kwa wenyeji.

Na kwa kuwa hakuna kioo, kila folda inaanza na sauti ya sekunde kumi: namba ya kaseti, jina la kikundi, kijiji, upande. Majina ya kwenye kadi ya K-12 yamesomwa yote 23, na aliyeshika redio akiwemo.

Faili mama, lisilorekebishwa, limehifadhiwa WAV pamoja na namba yake ya SHA-256 ya kuhakiki kuwa halijabadilika, kwenye diski mbili hapa na ya tatu nje ya mkoa. Kaseti zenyewe zinarudi zikiwa zimezungushwa hadi mwisho, zisimamishwe wima kwenye kasha. Tunasisitiza kitu kimoja kwa mdomo: zisiwekwe juu ya sabufa, spika ina sumaku.

Zilizobaki

Upande B wa K-33, unasubiri karatasi za kutelezea. C120 moja ambayo utepe wake umevutika kama mita mbili. Hakuna la kufanya kwa kipande hicho, kitarekodiwa kilivyo. K-41 bado iko kwenye mfuko wake wa karatasi. Itafunguliwa Juni, nje ya chumba, kwa barakoa na brashi laini, hewa ikiwa imekauka na ukungu umekuwa unga.